Neno la Mguuni

Nyamirambo nzima ilijua kwamba Maalim Swedi akikwambia mvua inanyesha, utoe mkono nje kwanza. Ndiye aliyemwambia muuza maziwa wa pale kona kwamba mkuu wa mji amepiga marufuku ng'ombe weupe, na yule bwana akahangaika siku mbili akitafuta rangi nyeusi. Ndiye aliyemposea imamu mdogo mjane ambaye hakuwahi kuzaliwa. Watu walimkasirikia asubuhi, jioni wakamletea ndizi za kuchoma. Mtu aliyezika mke na watoto wawili ndani ya mwaka mmoja, na bado mzaha haukumtoka mdomoni, humwachi akae peke yake.

Mwezi mmoja tu kwa mwaka ulikuwa salama. Ramadhani ikiandama, Maalim alifunga tumbo na ulimi pamoja. Kila mzaha una punje ya uongo ndani, alisema, na punje moja inatosha kuharibu saumu. Hapo ndipo mtaa ulipomletea maswali ya kweli: ugonjwa, ndoa, ugomvi wa mipaka. Alichosema mwezi ule kilifuatwa bila mtu kupima mvua.

Kazi yake ilikuwa kufunga vitabu. Barazani kwake zililetwa Kurani zilizolegea, Biblia zilizonyeshewa, na madaftari ya shule yaliyoliwa na panya. Upande wa pili wa njia, mbele ya mlango wa bluu, alikaa Béatha na cherehani yake akishona sare za wanafunzi. Alikuwa mjane, Mkatoliki, hana mtoto, ana miaka arobaini na miwili na kicheko cha msichana.

"Fundi mwenzangu!" Maalim alimwita kila asubuhi. "Sisi wawili tunakula kwenye tundu la sindano. Ndiyo maana hatunenepi."

"Weye iko na mdomo mrefu kuliko sindano yako," Béatha alimjibu kwa Kiswahili chake cha Kigali. "Misale yangu iko wapi? Tangu Noeli unasema kesho."

"Misale yako inasali. Usiiharakishe."

Kwa kweli misale, kitabu chake cha sala za misa, ilikuwa tayari kushonwa tangu siku ya pili. Lakini ikishonwa itaondoka, na Béatha hatavuka tena njia kuja kuiulizia. Hilo Maalim hakumwambia mtu, hata nafsi yake aliificha.

Mwanafunzi alikuwa naye mmoja tu. Silvère, kijana wa chuo, msaidizi wa profesa wa historia, alikuja miaka miwili nyuma akitaka kujua kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa kwanza waliofika Kigali na misafara ya Tabora na Ujiji. Watoto wa mtaa walitaka Kifaransa. Huyu alitaka herufi za wafu. Maalim alimpenda tangu siku aliyomwona akinawa mikono kabla ya kushika karatasi.

"Ukurasa ni kama mtu mwenye adabu," alimfundisha. "Hatoki nyumbani bila kusema anakwenda wapi. Tazama chini kabisa, pembeni kushoto, liko peke yake: mwandishi ameandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Hilo ndilo neno la mguuni. Karatasi zikitawanyika, mfungaji huliangalia akajua ipi inamfuata ipi."

"Na yasipolingana?"

"Basi kuna karatasi imeibwa, au mfungaji alikuwa mlevi. Na mimi silewi."

Silvère alicheka, akaandika kwenye daftari lake. Alikuwa anaandika kila kitu.

Mwezi wa Novemba mwaka wa tisini na tatu, Silvère alimpeleka Maalim kwa mkubwa wake, Profesa Damascène, katika nyumba moja ya Kiyovu yenye miti ya jakaranda na maktaba inayonuka nta ya sakafu. Wanaume saba walikuwa wamekaa kuzunguka meza. Walijiita Jamaa wa Vilele. Humo ndani hakuna aliyeitwa kwa jina lake: kila mmoja alikuwa mlima. Profesa alikuwa Karisimbi, maana ndio mrefu kuliko yote. Daktari fulani alikuwa Muhabura, hakimu fulani Sabyinyo. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, kilikuwapo kitabu.

"Weka kiganja juu yake," Profesa alisema, "useme: kilichosomwa hapa kitabaki hapa."

Maalim akaweka kiganja, akaapa. Kisha akauliza, "Na mimi niitweje?"

"Wewe ni msomaji, Maalim."

"Hata kichuguu sipewi?"

Milima ikacheka kidogo, meno bila macho.

Kitabu kilikuwa cha Karani Feruzi, mtu wa Ujiji aliyekuja Kigali kijana enzi za Wajerumani, akaandika habari za mji mpaka uzeeni, mwaka wa sitini na moja. Mjukuu wake ndiye aliyekitoa. Kila Alhamisi alasiri Maalim alisoma kwa sauti, Silvère akifuata mstari kwa kidole pembeni yake, na katibu akipiga chapa. Humo mlikuwa na nzige walioficha jua. Mlikuwa na baiskeli ya kwanza, ambayo watu waliifuata barabarani wakiuliza inakula nini. Mlikuwa na mvua ya siku arobaini, na maharusi waliovushwa mtoni juu ya mlango uliong'olewa. Wasomi wenye miwani walinyamaza, wakamsikiliza yeye, mtoto wa mpishi, aliyefukuzwa shule ya wamisionari kwa kosa la kuitwa Swedi.

"Wewe ni maktaba yenye miguu," Profesa alimwambia.

"Basi ninunulieni viatu."

Aliteremka Nyamirambo kila Alhamisi kifua kimetangulia. Béatha alimwuliza anakwenda wapi na kanzu ya Idi. "Nimeoa Kiyovu," alijibu. "Mke ni mzee, ana miaka themanini, lakini anajua habari." Hiyo ilikuwa kweli kuliko mizaha yake yote, na ndiyo pekee ambayo Béatha hakuicheka.

Ramadhani ikaandama. Alhamisi ya tatu ya mwezi wa Februari, mwaka wa tisini na nne, walifika kwenye karatasi za mwisho. Mwandiko ulikuwa umebadilika, umebanana, wa mtu mwenye haraka. Maalim alirekebisha miwani, akasoma:

"*Bismillahi. Haya ni majina ya watu niliowaandikia vitambulisho vipya katika siku za moto, ili wapone. Nimeandika walivyokuwa na nilivyowageuza. Nayaweka kwa herufi ambazo ofisini hazisomwi. Ni amana. Siku ya heri ikifika, warudishiwe asili yao.*"

Kila mtu Rwanda alielewa maneno hayo bila kuelezwa. Kitambulisho kilikuwa na mstari wa ubwoko, Mhutu au Mtutsi, na tangu mwaka wa hamsini na tisa mstari ule mmoja ulikuwa umechoma nyumba nyingi. Karani mzee alikuwa ameketi ofisini mwake akiwageuza watu mmoja mmoja, Mtutsi akawa Mhutu kwa kalamu, watoto wake wakalala salama. Maalim aliusoma moyo ule mkubwa, akainua sauti kwa fahari. Akasoma jina la kwanza, na la pili, na mpaka la tano. Mashine ya chapa ilikuwa inagonga nyuma yake kama mvua juu ya bati.

Kisha ukafika wakati wa chai. Siku nyingine walikunywa palepale mezani, lakini mwezi ule, kwa heshima ya mtu aliyefunga, Jamaa wa Vilele walitoka kwenda varandani na keki yao. Silvère, kwa kuwa ndiye mdogo, alibeba sinia. Maalim aliachwa peke yake na kitabu, na sindano yake, maana Profesa alikuwa amemwomba ashone mgongo uliolegea.

Alipita nyuma ya meza ya katibu kuchukua uzi. Hakuwa na nia ya kuchungulia. Lakini mtu aliyesoma maisha yake yote, maandishi yakiwa mbele yake husomeka yenyewe.

Majina matano yalikuwa kwenye karatasi. Mbele ya kila jina, kwa kalamu nyekundu, yalikuwa yameanza kuongezwa maelezo: *watoto wanne, Gikondo. Nyumba ya matofali, nyuma ya kisima. Geti la kijani, mbwa mmoja.*

Maalim alisimama na uzi mkononi. Historia haiulizi rangi ya geti.

Alirudi kitabuni, akafunua. Zilibaki karatasi mbili zilizojaa majina pande zote. Jina la kwanza lilikuwa: *Kabandana, seremala wa Gitega. Alikuwa Mtutsi, nimemwandika Mhutu. Mke, na binti mmoja, Béatha, miaka minane, meno ya mbele yamemtoka, anacheka hata hivyo.*

Béatha. Mlango wa bluu.

Nje, kijiko kiligonga kikombe. Maalim hakusoma jina lingine hata moja. Asichokijua hawezi kukitapika akibanwa. Alikata uzi kwa meno, akazitoa karatasi mbili, akaziingiza chini ya kanzu zikalala juu ya tumbo lililofunga, akaanza kushona. Alishona kama hajawahi kushona. Uzi aliupaka vumbi la kitabu chenyewe ufanane na wa zamani, fundo akalizamisha ndani ya mkunjo, mgongo akausugua kwa mfupa mpaka ukalala. Waliporudi wakijifuta makombo, alikuwa amekaa wima.

"Tuendelee, Maalim."

"Kitabu kimekwisha," Maalim alisema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza wa mchana wa Ramadhani tangu abaleghe.

Profesa alikunja uso. Maalim akawafunulia: kweli, baada ya ukurasa ule hapakuwa na kitu ila jalada. Hakimu aliguna. Daktari akaanza kukunja miwani yake. Ingekwisha hivyo.

"Maalim, samahani." Silvère alikuwa amenyoosha shingo, usoni ana furaha ya mtoto aliyemkuta baba yake kavaa kanzu nje ndani. "Bado. Tazama mguuni."

Maalim akatazama. Chini kabisa, pembeni kushoto, peke yake, kwa wino uliopauka: *Kabandana*.

Miaka arobaini alikuwa ameyafuata maneno yale kwa mkono, mpaka jicho likaacha kuyaona, kama mtu asivyoiona pua yake.

"Hili ni neno la mguuni," Silvère aliwaeleza wakubwa, amesimama kabisa sasa. "Maalim ndiye aliyenifundisha. Ukurasa unaofuata ulianza na jina hili. Kuna karatasi imepotea."

"Kabandana," alisema Profesa, taratibu, kama mtu anayeonja sukari.

Mashine ya chapa ikagonga mara tisa.

"Karani alikuwa mzee," Maalim alisema. "Labda alikufa kalamu i mkononi, huo ukurasa mwingine akaenda kuuandikia kaburini."

Walicheka. Profesa peke yake hakucheka. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, kutoka juu mpaka chini, bila haraka.

"Kazi nzuri," alisema. "Nzuri mno. Ahsante, Maalim, kazi yako imekwisha. Kiapo chako bado."

Silvère alimfuata mbio mpaka kwenye mteremko. "Nimekosa nini, Maalim? Mbona huniangalii? Nilisoma vibaya?"

"Umesoma vizuri kuliko mwalimu wako."

Akamwambia yote, palepale, kando ya mtaro. Silvère alikaa chini na suruali yake nzuri, miguu ndani ya mtaro, akashika kichwa.

"Nilitaka wakuone," alisema. "Wale wakubwa. Wakuone kwamba umemfundisha mtu."

Maalim alikuwa na hasira ya kutosha kumtupa Silvère ndani ya mtaro ule mzima mzima. Lakini angemwambia nini? Usisome nilichokusomesha? Alitoa leso mfukoni, akampa, akaenda zake. Silvère hakuonekana tena Kigali. Wengine walisema Bukavu.

Jua lilikuwa bado halijatua alipovuka njia kwenda kwenye cherehani. Hakungoja kufuturu.

"Fundi," alisema, "funga mashine. Kesho asubuhi uende Kabuga kwa shangazi yako, usirudi mpaka nikwambie."

"Ehe! Na huko Kabuga kuna nini? Papa amehamia?"

"Baba yako alikuwa Kabandana, seremala wa Gitega. Walimwandika upya mwaka wa sitini. Ulikuwa huna meno ya mbele."

Mguu wa Béatha ukasimama juu ya kanyagio. Hakuna mtu aliyekuwa hai aliyejua habari ile. Baba yake alimnong'oneza siku ya kufa, akamfumba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe ili asijibu.

"Wanajua?" aliuliza.

"Wana jina tu. Lakini Kabandana si jina la kila mlango."

"Weye unatania, Maalim. Sema unatania."

"Ni Ramadhani, fundi."

Béatha akatazama nusu ya mwezi iliyokuwa imeanza kuonekana juu ya mtaa, kama anayehakikisha. Kisha akainuka, akaanza kukunja sare ambazo hazijaisha. Gari la kwanza la asubuhi lilimchukua.

Wale watano wa kwanza Maalim aliwatafuta kwa siku zilizobaki za mfungo. Wawili aliwapata, wakamwamini, wakaondoka. Watatu hakuwapata.

Zile karatasi mbili hazikuweza kuchomwa. Orodha yake ilianza na jina la Mungu, na zilikuwa amana ya mtu. Mfungaji wa vitabu ana njia yake: karatasi asizoweza kuzitupa huzigandisha kwa uji wa wanga, moja juu ya nyingine, zikawa jalada la kitabu kingine. Maalim alizigandisha ndani ya jalada la misale ya Béatha. Nani angetafuta herufi za Kiarabu ndani ya kitabu cha misa? Alipomaliza alijikuta anatabasamu, akajizuia, akaweka tabasamu lile akiba mpaka Idi.

Idi ikaja, ulimi ukafunguliwa. Watu walicheka tena barazani. Wiki ya kwanza alishtuka kila gari likisimama. Wiki ya pili alishtuka kwa baadhi. Askari wa kofia za bluu walipita na magari yao meupe, wakipunga mikono. Mlango wa bluu ulikaa umefungwa, hakuna aliyekuja kuubisha, na hofu, kama kiatu, ukiivaa kila siku hulegea. Upweke haukulegea. Asubuhi alijikuta akisema "Fundi mwenzangu!" kuiambia njia tupu.

Mukamana, mama muuza ndizi aliyekuja sokoni kutoka Kabuga, alifika na salamu siku chache kabla ya Pasaka.

"Béatha anauliza misale yake. Amesema uniwekee kikapuni, nitamfikishia."

Kikapu kilikuwa pale, kimetua mbele yake, mna nafasi ya misale kumi. Maalim alikitazama. Aliitazama na misale, imelala rafuni, imenyooka, tayari.

"Mwambie," alisema, na midomo ilikuwa imeshaanza kucheka kabla yake, "misale imekwisha, lakini nimeifunga vizuri mno, imekuwa na kiburi. Haikubali kupanda kikapu kimoja na ndizi. Inataka ifuatwe na mwenyewe."

Mukamana alicheka mpaka akaegemea nguzo. "Haki wewe mzee! Nitamwambia hivyohivyo."

Akamwambia hivyohivyo.

Béatha alikuja Jumatano baada ya Pasaka, saa saba mchana, tarehe sita Aprili. Alivuka njia akiwa amevaa kitenge kipya, na Maalim, aliyekuwa amepanga kumgombeza, akaishusha misale kutoka rafuni.

"Kiko wapi hicho kitabu chenye kiburi?" Aliipokea misale, akaipima kwa mikono miwili. "Imekuwa mzito."

"Nimeiongezea thawabu."

"Maalim." Alikaa kwenye kiti cha wateja. Mvua ilikuwa imeanza, ya kweli, haikuhitaji mkono. "Niambie kitu cha kweli. Mara moja tu, hata kama si Ramadhani. Ungeweza kuitia kikapuni?"

Jibu lilikuwapo. Lilikuwa neno dogo, lilimfika mpaka kwenye meno. Mtu wa miaka hamsini na tisa, kofia kichwani, gundi kwenye kucha, alilitafuna neno lile, akameza.

"Mukamana angeiuza kwa kilo," alisema.

Béatha alicheka, na katikati ya kicheko akamtazama kwa namna ambayo ilionyesha amelisikia lile lililomezwa. "Sawa," alisema. "Sawa, mzee."

Mvua ilikawia. Gari la mwisho la Kabuga likaondoka. "Nitalala kwangu," alisema, "nifagie kidogo, panya wamefurahi mno. Kesho alfajiri naondoka." Akavuka njia, misale ameifunika kwa kitenge. Maalim hakumzuia. Alifikiri: asubuhi nitamwambia. Nitamsindikiza mpaka kwenye gari, nimwambie kabla halijang'oa.

Usiku huo ndege ya rais ilianguka, na mji ukafungwa kama mlango.

Asubuhi ya Alhamisi walikuja watu sita na karatasi iliyopigwa chapa. Béatha aliwatolea kitambulisho kupitia dirisha, na kitambulisho kilisema kile Karani Feruzi alichokisemesha. Ingetosha. Njia nzima, siku ile, mstari ule ulikuwa unatosha. Lakini yule mwenye karatasi hakukipokea. Alisoma: "Binti Kabandana. Mlango wa bluu, mkabala na mfunga vitabu." Kisha akageuka kumtazama mfunga vitabu, kama mtu anayehakikisha anwani.

Maalim alikuwa ameshavuka njia. Alisimama mbele ya mlango na kofia yake mkononi.

"Binti Kabandana hayupo," alisema. "Alikwenda Kabuga tangu mfungo. Huyu ni mpangaji tu, mimi ndiye niliyempangisha, anatoka Ruhengeri. Wallahi."

Kati ya wale sita alikuwamo muuza maziwa wa pale kona. Alimtazama Maalim, akaanza kutikisika mabega.

"Maalim," alisema, "hata leo?"

Akanyoosha mkono mbele, kiganja juu, akausogeza huku na huku kama anayepima mvua. Wenzake walicheka. Wakamsukuma mzee kando, bila hata ukali, kama unavyosukuma kiti.

Maalim alishikwa na wawili mpaka ikaisha. Ndani ya nyumba hakupiga kelele mtu. Hilo alilikumbuka baadaye: yeye ambaye alicheka na meno yamemtoka, hakutoa sauti.

Miezi mitatu iliyofuata ilipita juu ya Kigali, na wanaoijua hawahitaji kusimuliwa. Watu watatu walilala juu ya dari ya Maalim, wakatoka hai. Hakuwatania hata mara moja, na walipotoka mmoja alimwuliza jirani kama yule mzee ni bubu.

Mwezi wa Julai, mji ulipoanza kunyamaza, Mukamana alikuja kwa miguu kutoka Kabuga, amekonda, kikapu kitupu kichwani. Alikuwa ameingia kwenye nyumba ya mlango wa bluu kumtafuta rafiki yake, au chochote cha kuzika. Chini ya cherehani alikuta misale. Jalada lilikuwa limeloa, limeumuka kama mkate.

"Wewe ndiye fundi wake," alisema, akaiweka mbele ya Maalim. Kisha, kwa kuwa mtu aliyeona mengi hushika kamba yoyote aliyoizoea, akajaribu kutabasamu. "Safari hii imekubali kupanda kikapu."

Maalim aliivuta misale kifuani. Mukamana akaona alichokisema, akajiziba mdomo kwa mkono, akakaa chini kando yake.

Baadaye Maalim alichukua kisu cha mfupa, akachovya maji ya uvuguvugu, akaanza kubandua. Wanga ulikuwa umeshaachia wenyewe. Karatasi mbili zilitoka nzima, wino wa Karani haukuchuja. Alizitandika juu ya goti, na kwa mara ya kwanza akazisoma. Kabandana, na mke, na binti asiye na meno. Chini yake mwingine, na mwingine. Pande zote nne, kaya baada ya kaya, watu ambao hakuna mashine iliyogonga majina yao. Jina moja tu lilikuwa limebaki mguuni, likasomwa. Lile ambalo kwa ajili yake alikuwa ameiba.

Mwisho wa upande wa nne palikuwa pameandikwa: *Sebagabo wa Kabuga, mkulima wa ndizi. Alikuwa Mtutsi, nimemwandika Mhutu. Mke, wana wawili, na kichanga cha kike, hakijapewa jina.*

"Baba yako alikuwa nani?" Maalim alimwuliza Mukamana. Sauti ilikuwa na kutu.

"Sebagabo. Kwa nini?"

Alimtazama. Mama wa miaka thelathini na minne, vumbi mpaka magotini, hai, akipepea nzi kwa ncha ya kitenge.

"Alikuwa na ndizi nzuri," Maalim alisema.

"Hukumjua, mzee. Usinitanie."

"Sikutanii."

Mukamana alipokwisha kwenda, Maalim alikoroga wino. Chini ya jina la mwisho palikuwa na nafasi ya mistari miwili. Alichonga kalamu ya tete, akaandika kwa herufi zilezile, pole pole, kama anayeandikia watoto: *Béatha binti Kabandana, fundi wa sare. Alikuja kwa sababu nilimwita. Ningeweza kuitia kikapuni.*

Akaacha wino ukauke. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka arobaini, ukateremka wenyewe mpaka chini kabisa, pembeni kushoto, ncha ikagusa karatasi, ukangoja uambiwe neno la kwanza la ukurasa unaofuata.